Yule Msichana Mbele ya Hakimu

Hotuba iliyotolewa usiku katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya kuonyeshwa filamu ya Kiirani A Separation

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Na wageni wetu wa dini nyingine, karibuni, hamjambo.

Mama zangu mlioketi mbele, baba zangu, wadogo zangu mliobanana kule nyuma karibu na mlango: ahsanteni kwa kukaa mpaka taa zikawashwa. Filamu ya saa mbili na ushei, ya Kifarsi, maandishi yakipita mbio chini ya picha, na sikuona mtu aliyetoka. Yule mzee alipomshika mkono mkaza mwanawe, safu nzima ya kina mama ilisema "Yarabi" kwa sauti moja. Nitaanzia papo hapo.

Simin keshafunga sanduku lake. Anarudi kwao, kwa mama yake. Kila mtaa wa mji huu unaijua safari hiyo. Mwanamke anapanda tuktuk na mfuko wa nguo, anasema naenda kumwangalia mama, na jirani anayefagia kizingiti chake ameshaelewa kabla tuktuk haijakata kona. Kabla ya kutoka, Simin anamuaga baba mkwe. Mzee ana Alzheimer, maradhi ya kusahau. Hata mwanawe wa kumzaa hamtambui. Lakini mkono wa Simin ameukamata wala hauachii, na Simin inambidi ajinasue. Nader, mumewe, yumo mle mle ndani. Ule mkono wa pili wa Simin haukushikwa na mtu.

Filamu hii nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila nikiitazama namsubiri Nader aseme neno moja: usiende. Halitoki. Na Simin naye anasubiri aambiwe, huku akiendelea kufunga zipu ya sanduku. Nililokuja kulisema usiku huu ni kwamba mapenzi katika nyumba ile hayajafa. Yamo mpaka picha ya mwisho. Lakini wenyewe wameshindwa kuyatamka, na gharama ya kunyamaza kwao wakaja kuilipa watu ambao hawakuoana: mzee, mfanyakazi wa nyumba, binti mdogo wa mfanyakazi, na zaidi ya wote Termeh, mtoto wao wa miaka 11.

Niseme machache juu ya filamu yenyewe kwa wale waliochelewa. Imetungwa na kuongozwa na Asghar Farhadi, ikatoka mwaka 2011. Mwaka huo huo ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, na mwaka 2012 ikawa filamu ya kwanza ya Iran kupata tuzo ya Oscar. Simin ni Leila Hatami, Nader ni Peyman Moaadi. Na Termeh, yule msichana wa miwani, ni Sarina Farhadi, binti wa mwongozaji mwenyewe. Mimi hilo nimelifikiria sana. Baba amemweka mwanawe wa kumzaa mbele ya hakimu, akamwambia lia, chagua.

Mwanzo wa filamu mliuona. Vyeti vinapigwa fotokopi, kisha mume na mke wamekaa bega kwa bega wakitutazama usoni. Hakimu tunasikia sauti yake tu. Yaani kile kiti chake tumekalishwa sisi. Simin anataka kuhama nchi pamoja na binti yake, viza imetoka na muda unayoyoma. Nader hawezi kumwacha baba yake. Simin anasema: hata hajui kuwa wewe ni mwanawe. Nader anajibu: lakini mimi najua kuwa yeye ni baba yangu.

Hebu nyinyi hapa hukumuni. Nani ana makosa? Mama anayetaka maisha mapana zaidi kwa mwanawe, au mwana anayekataa kumtupa mzazi? Nilisikia minong'ono pale, upande huu wakisema mume yuko sawa, upande ule wakisema huyu mwanamke kaonewa. Ndivyo tulivyo. Talaka ikitokea mtaani kwetu, eda haijaanza na hukumu imeshatolewa, barazani kwa wanaume na jikoni kwa wanawake. Tunatafuta mkosaji kwa sababu mkosaji akipatikana tunalala usingizi: mume alikuwa mlevi, mke alikuwa hana adabu, basi, kwangu haliwezi kufika. Farhadi ametunyima raha hiyo. Ametupa watu wawili wazima, wenye heshima zao, hakuna aliyempiga mwenziwe wala aliyetoka nje ya ndoa. Na nyumba ikavunjika vile vile.

Tena wanavunjika kwa jambo ambalo Mombasa tunalifahamu kuliko wanavyolifahamu watu wengi: safari. Ni ndoa ngapi hapa zimemezwa na pasipoti? Mume yuko Dubai, mke yuko Kisauni. Mke yuko Saudia anafanya kazi za nyumba, mume yuko Majengo na watoto watatu. Anayeondoka huondoka kwa ajili ya watoto, na anayebaki hubaki kwa ajili ya wazee, na wote wawili wana haki. Kisha siku moja inaingia talaka kwa simu, ujumbe wa maneno mawili matatu, mtu anausoma akiwa amesimama kwenye foleni ya maji. Simin na Nader angalau walikaa kiti kimoja mbele ya hakimu.

Sasa nataka mwangalie jambo ambalo pengine limewapita. Siku Simin anaondoka, kuna wachukuzi wanateremsha piano ngazini. Wanagoma katikati, wanataka waongezwe pesa kwa ghorofa moja zaidi. Simin anazitoa kwenye droo, anawalipa, shughuli imekwisha. Baadaye Nader anakuta pesa zimepungua na anamshtaki Razieh, mfanyakazi wa nyumba, kwamba ameiba. Anamsukuma nje ya mlango. Razieh ana mimba. Mimba inatoka. Kesi, jela, deni, mume wa Razieh anajipiga mwenyewe kichwani kwa hasira. Yote hayo ni noti chache zilizotoka kwenye droo ya mke aliyekuwa akihama, bila mume kuambiwa. Wangekuwa bado wanasemezana, ile ingekuwa sentensi moja ya jioni: nimetoa pesa za wachukuzi.

Na Razieh kwa nini yumo nyumba ile? Kwa sababu Simin ameondoka na mzee hana wa kumtunza. Nyumba yenye nafasi ikiachana, nyumba isiyo na kitu ndiyo inayoanguka. Sisi wa Mombasa hili hatupendi kulizungumza. Wazazi wanapoachana, mara nyingi anayebeba nyumba ni dada wa kazi, msichana aliyetoka bara au Kilifi, ambaye naye ameacha mtoto kwa mamake. Ndiye anayempikia uji mtoto anayelia usiku. Ndiye anayesikia kila tusi. Na pesa zikipotea, wa kwanza kukaguliwa mkoba ni yeye. Razieh alikuja kazini na binti yake mdogo, Somayeh, na mkumbuke yule mtoto anavyomkodolea macho Termeh kila yanapotokea. Hawaambiani mengi, lakini wanajuana sana wale watoto wawili.

Razieh ndiye aliyenikamata moyo. Mzee anapojikojolea, anapiga simu kumuuliza mwanachuoni: naweza kumbadilisha nguo mwanamume asiye maharimu wangu? Mlicheka kidogo pale, kwa huruma, kwa sababu redio zetu zinapokea simu kama hizo kila wiki. Kisha mwishoni Nader anakubali kulipa diya, yaani fidia ya damu, kwa sharti Razieh aape kwa Kurani kwamba kusukumwa kule ndiko kulikoitoa mimba. Wadai wamekaa sebuleni wanangoja pesa zao. Mumewe anamwambia apa. Na Razieh hawezi, kwa sababu siku moja kabla aligongwa na gari akimkimbilia mzee barabarani, na moyoni ana shaka. Anakataa. Anapoteza pesa zote, na huenda amempoteza na mume, kwa kuogopa kiapo cha uongo. Wakati huo Nader, anayedai kiapo, mahakamani alisema hakujua kuwa mwanamke yule ana mimba, na alijua.

Uongo huo wa Nader ndio unaonifikisha kwa Termeh.

Termeh anampenda baba yake. Na baba anampenda. Pale kwenye kituo cha petroli, baba anamwambia ateremke ajaze mafuta mwenyewe na adai chenji yake asidhulumiwe, na anamtazama kwenye kioo cha gari akitabasamu. Baba anamfundisha kusimamia haki. Kisha mtoto anagundua kwamba baba kasema uongo. Anamuuliza. Na baba anafanya kitu ambacho kwangu mimi ni kizito kuliko ule uongo: anamwachia mtoto aamue. Ukitaka niende niseme kweli, sema wewe. Hakimu anapomuuliza Termeh, Termeh anamdanganya hakimu ili amwokoe baba. Halafu tunamwona ndani ya gari, machozi yanamtoka bila sauti. Siku ile amefundishwa kwamba ukimpenda mtu unasema uongo kwa ajili yake.

Naomba hapa nitoke kwenye filamu nizungumze habari zangu kidogo, kwa sababu sitakuwa nimesema kweli yote nisipozisema.

Wazazi wangu waliachana nikiwa msichana mdogo wa shule ya msingi. Baba alikuwa Likoni, mama alirudi kwao Kibokoni. Kikao kilifanywa sebuleni kwa nyanya mzaa mama, wajomba upande huu, ami zangu upande ule, birika la chai na kaimati ambazo hazikuguswa. Nikaitwa. Mjomba akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu sema usiogope, wataka kukaa na nani? Nilimtazama mama. Alikuwa akiukunja upindo wa leso yake, akiukunjua, akiukunja. Nilimtazama baba. Baba hakuvua viatu, ndani ya nyumba ambayo hata mgeni wa kupita alivua mlangoni. Nikasema: na nyanya. Watu wakacheka, wakashukuru, wakasema mtoto ana hekima huyu. Mimi nilimchagua mtu ambaye jibu langu halingemuumiza, basi.

Tangu hapo nikawa mtu wa feri, Ijumaa kwenda, Jumapili kurudi, na begi la shule. Kwa baba nilisema mama siku hizi kanyamaza nyumba nzima, ingawa mama alikuwa akiimba tarabu jikoni kama zamani. Kwa mama nilisema chakula cha kwa baba hakina chumvi, na kilikuwa kitamu. Hakuna aliyenituma. Mtoto hujua mwenyewe kila nyumba inataka kusikia nini, na huipelekea.

Ndiyo maana picha ya mwisho ya filamu hii inanishinda kuitazama. Termeh yuko mbele ya hakimu. Anaulizwa: umeshaamua? Ndiyo. Kisha wazazi wanaombwa watoke nje.

Najua, wako hapa watakaoniambia, mwalimu, kumpa mtoto khiari ni sheria. Ni kweli, na sitaki mtu atoke hapa akidhani naipinga. Sisi watu wa pwani ni Shafii kwa wingi wetu, na katika madhehebu yetu mtoto akifika umri wa kupambanua, ambao wanazuoni huukadiria miaka 7, huachiwa achague kati ya mama na baba. Msingi wake ni hadithi aliyoipokea Abu Daud. Mwanamke alimjia Mtume, sala na salamu zimfikie, akilalamika kuwa mumewe anataka kumchukua mwanawe, na mtoto huyo ndiye anayemtekea maji. Mtume akamwambia mtoto: huyu baba yako na huyu mama yako, mshike mkono umtakaye. Mtoto akamshika mkono mama, wakaenda zao.

Tazameni uzuri wa jambo lile. Mtoto aliulizwa waziwazi, mbele ya wote wawili, na akiisha kujibu wakaondoka, hakuna aliyemfuata nyuma kumlaumu. Sisi tunafanya nini? Wiki tatu kabla ya siku ya mahakama, mtoto anapewa simu mpya. Shangazi anamwita kando anamwambia, mamako ndiye aliyetufikisha hapa. Nyanya anamwambia, ukenda kwa babako mimi nitakufa. Nimekaa kwenye benchi za korido ya Mahakama ya Kadhi nikisindikiza jamaa, na nimesikia mama akimsomesha mwanawe jibu kama anavyosomeshwa Alhamdu. Khiari aliyopewa mtoto ili asikike, wakubwa wameifanya chombo cha kupigania.

Sheria za nchi ziko wazi vile vile. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa juu yake, wawe wameoana au hawakuoana. Ibara ya 170 inampa kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Milango ya kuingilia ipo. Mimi nazungumza na sisi tunaokaa koridoni.

Na kuna jambo tunaloliacha kabla hatujafika koridoni. Sura ya Talaka inaanza kwa kuwakataza wanaume kuwatoa wake zao majumbani katika muda wa eda, na wao wanawake wasitoke. Mombasa tumezoea kinyume chake. Talaka ikitamkwa alasiri, Magharibi mwanamke yuko kwao na virago vyake, na ndugu zake wanajiona wamemlinda heshima. Lakini aya ile imewaweka chini ya paa moja watu walioachana, miezi kadhaa, wapishane kwenye ukumbi, wasikie kikohozi cha kila mmoja usiku. Mwisho wa aya Mola anasema hujui, huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jingine baada ya hayo. Nader na Simin ndicho walichokikosa. Simin aliondoka hata talaka haijatoka, na tangu hapo kila walichotaka kuambiana kilipitia kwa mtoto, kwa wakwe, kwa hakimu. An-Nisaa, aya ya 35, imetutaka tulete mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Siku hizi waamuzi wanakuja wakiwa wameshakasirika.

Kina dada wa upande huu naona mnatikisa vichwa. Nawaelewa. Ziko nyumba ambazo mwanamke akibaki hata usiku mmoja ataumizwa. Huyo aondoke, tena aondoke upesi, na sisi tumpokee bila kumhoji mlangoni. Dini yenyewe imempa njia ya khului, mke kujikomboa katika ndoa, na kadhi ana mamlaka ya kuivunja ndoa yenye madhara. Mabibi zetu waliambiwa wavumilie mpaka wakazikwa na uvumilivu wao, na sitasimama hapa kuusifu. Mimi nazungumzia wale wengine, na ni wengi, ambao hakuna kisu wala kofi kati yao. Kuna kiburi tu, kila mmoja anasubiri mwenziwe aanze.

Nitawaonyesha mapenzi yalipo katika filamu hii, halafu nimalize. Yako bafuni. Nader anamwogesha baba yake. Mzee amekaa kwenye kigoda, hasemi, hajui maji haya yanatoka wapi. Nader anamsugua mgongo, na ghafla anaangusha kichwa juu ya ule mgongo, analia. Mke ameondoka, na anayemwegemea hamjui jina. Angelilia hivyo mbele ya Simin mara moja tu, labda tusingekuwa na filamu. Na Simin kwa upande wake, alipoona mumewe anaweza kufungwa, ndiye aliyehangaika huku na huku kutafuta suluhu ya pesa na familia ya Razieh. Alimhangaikia mtu anayemdai talaka. Aya ya 237 ya Al-Baqara, iliyo katikati ya hukumu za talaka na mahari, inasema wala msisahau fadhila baina yenu. Fadhila zilikuwapo kati ya wale wawili. Kila mmoja alikuwa nazo kwa siri.

Mmeniuliza wengi, hata kabla sijapanda hapa, Termeh kamchagua nani. Farhadi hakutuambia, na amefanya vyema. Mwacheni mtoto abaki na jibu lake. Mimi nilikuwa nikiwatazama wale wawili koridoni, kila mmoja upande wake wa mlango wa kioo, wamevaa nyeusi, kwa hivyo tunafahamu kuwa mzee naye ameshakwenda. Ile sababu ya Nader ya kubaki haipo tena. Viza ya Simin nayo, huenda muda umepita. Yote mawili waliyogombania ni kama yamekwisha, na bado wamekaa pale. Majina ya waigizaji yanapita, watu wanapita kati yao na mafaili mkononi, na bado ana nafasi Nader ya kuinuka hatua nne akaenda upande wa pili.

Basi, nafungua mlango wa maswali. Kipaza sauti kitaanzia kwa kina mama. Na wale wa Likoni mnaowahi feri, nyoosheni mikono mapema msije mkaondoka na la kusema moyoni.